Presha Kwanza, Vidonge Baadaye

Msomaji wa Kimilili ameniuliza: "Nilienda kliniki kuchukua vidonge vya kupanga uzazi, mbona nikapimwa presha na siumwi?" Jibu limo kwenye ini.

Kidonge cha homoni mbili kina projestini na estrojeni ya kutengenezwa. Kikimezwa, estrojeni hiyo hupitia kwanza kwenye ini, nalo hushindwa kuivunja upesi. Ikiwa humo, huliamrisha ini limwage kwa wingi protini iitwayo angiotensinojeni. Renini, kimeng'enya cha figo, huikata. Kipande chake hukatwa tena, hasa mapafuni, kikawa homoni inayokaza mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Homoni hiyo nimeitafutia jina. "Kibanamishipa" nimelikataa, maana kilichobanwa huenda kimeziba, na hapa hapazibi kitu. Nasema kikazamishipa: hukaza kama mtu akazavyo mshipi.

Sasa twende kwenye kisiagi wakati wa mavuno. Ini ni shamba, angiotensinojeni ni mahindi, renini ni kisiagi, kikazamishipa ni unga. Kama kisiagi kingekuwa kimeelemewa, magunia ya ziada yangepanga foleni tu, na unga usingeongezeka. Lakini kisiagi cha mwilini husaga takriban nusu ya uwezo wake, kwa hiyo kila gunia linaloletwa huzidisha unga. Figo, mwenye kisiagi, zikiona unga umefurika hupunguza mashine: renini inashuka. Kwa wanawake wengi hiyo inatosha, na presha hupanda kidogo tu. Kwa wachache mashine hupunguzwa, lakini mahindi bado yanamiminika, na presha inapanda kwelikweli.

Mwaka 1967 daktari John Laragh wa New York na wenzake walieleza habari za wanawake waliopandwa na presha wakimeza vidonge, ikashuka walipoacha. Tangu hapo dozi imepunguzwa: vidonge vya kwanza vya 1960 vilikuwa na maikrogramu 150 za estrojeni. Vingi vya leo vina 30 hivi.

Vidonge vya projestini pekee havina estrojeni, na havilichochei ini hivyo.

Dada, presha yako ikifika 140/90, mwambie muuguzi akupe njia nyingine. Usiache vidonge kimyakimya ukapata mimba usiyoipanga. Na ukiwa unavimeza, rudi upimwe. Presha haina maumivu ya kukuonya; mashine ya kupimia ndiyo huisema.