Juu ya Kufundisha Kiingereza, na Faida ya Mtoto Aachaye Shule Kabla ya Mwisho

Mwalimu afundishaye lugha ya kigeni aghalabu huipanga kazi yake kana kwamba wanafunzi wote watafika mwisho wa safari. Mwaka wa kwanza huweka msingi, mwaka wa pili huinua kuta, naye hutumaini ya kuwa mwaka wa saba au wa nane nyumba itaezekwa. Walakini kila mwalimu ajua ya kuwa darasa la mwaka wa nane si lile la mwaka wa kwanza. Mmoja ameitwa nyumbani kuchunga, mwingine wazazi wake wameshindwa na gharama, mwingine ameozwa, mwingine ameanguka mtihani. Hao nao walifundishwa Kiingereza, pengine miaka miwili, pengine minne. Basi, walipotoka, walitoka na nini mkononi?

Swali hili limekwisha ulizwa zamani, tena kwa uangalifu mkubwa, na majibu yake yamepata kupimwa katika nchi mbalimbali. Yafaa tuyaangalie, kwa kuwa hali iliyolizaa yafanana sana na hali ya shule zetu nyingi.

Aliyelishika swali hili kuliko wengine alikuwa Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu katika Bara Hindi, akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Dacca katika nchi ya Bengal. Mji huo siku hizi huandikwa Dhaka, nao ndio mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1926 West alitoa taarifa ndefu juu ya watoto wanaoishi kwa lugha mbili, na humo akatumia neno la watu wa bima. Mtu akikata bima ya maisha akawa analipa kidogo kidogo, kisha akashindwa kuendelea, hurudishiwa kiasi fulani kwa ajili ya fedha alizokwisha kulipa. West akauliza: mwanafunzi akiacha masomo kabla ya mwisho, je, hurudishiwa kiasi gani kwa miaka aliyokwisha kuilipa?

Maana yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa kwetu. Watu wawili watoka asubuhi kwenda kazini. Mmoja achimba kisima, mwingine akata kuni. Adhuhuri mvua yawarudisha wote wawili. Mkata kuni arudi na mzigo mdogo, lakini jioni chakula kitapikwa. Mchimba kisima hana hata tone la maji, ingawa huenda alitoka jasho zaidi. Kuna mafundisho ya lugha yaliyo kama kisima, yasiyofaa kitu mpaka yamefika chini. Na kuna yaliyo kama kuni, ambayo kila siku huacha faida yake.

West aliona ya kuwa mafundisho ya Kiingereza katika Bengal yalikuwa kama kisima. Mtoto alijifunza sarufi, akatafsiri, akakariri. Na alipoacha shule hakuweza kusema wala kusoma. Akatoa shauri ya kuwa kusoma kutangulizwe. Sababu zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, mtoto wa Bengal alikuwa na lugha yake ya kuzungumza na jamaa na jirani; alichokosa ni maarifa yaliyokuwa yamefungwa katika vitabu vya Kiingereza. Ya pili, kuzungumza kwahitaji mwenzi. Penye kijiji kisicho na msemaji wa Kiingereza ulimi hupata kutu, bali kitabu humngojea msomaji wake hata miaka kumi. Ya tatu, kulitambua neno lililoandikwa ni kazi nyepesi kuliko kulitafuta moyoni na kulitamka. Kwa hiyo asomaye huona maendeleo yake upesi, naye hupata moyo.

Alipovichunguza vitabu vya kusomea vilivyotumika, alikuta kasoro mbili. Kwanza, vilijaa maneno ya nadra, ambayo msomaji huenda asiyaone tena mwaka mzima, na huku maneno ya kila siku yakikosekana. Pili, maneno mapya yalisongamana. Mtoto hakuvuka mstari mmoja ila alijikwaa. Dawa ya kasoro ya kwanza ilikwisha anza kutengenezwa Marekani, ambako Edward Thorndike mwaka 1921 alitoa kitabu cha maneno 10,000 ya Kiingereza yaliyopangwa kwa kuhesabu jinsi yanavyotokea katika maandiko. Kwa msaada wa hesabu ya namna hii West akaandika hadithi upya. Penye neno la nadra akaweka la kawaida. Kwa kasoro ya pili alitawanya maneno mapya mbalimbali, na kila neno likiisha kuingia akalirudia mara nyingi mpaka limezoeleka. Ndivyo vilivyotokea vitabu vyake vya kusomea, vilivyoenea baadaye mbali sana na Bengal.

Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, mmisionari Mkanada aliyefanya kazi katika China, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa wageni. Kamusi hiyo ilieleza maneno na semi 24,000, nayo katika maelezo yake yote ilitumia maneno 1,490 tu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ni kubwa. Mwanafunzi afunguaye kamusi ili kuelewa neno moja, akakuta limeelezwa kwa maneno matatu magumu kuliko lile, huifunga asiifungue tena.

Hata hivyo, kuhesabu maneno kuna mtego wake, na sisi tutumiao Kiswahili twaweza kuuona upesi. Mgeni ajifunzaye lugha yetu huambiwa ya kuwa kupiga ni kupiga kwa fimbo au kwa ngumi. Kesho yake asikia watu wapiga hodi, wapiga pasi, wapiga magoti, wapiga mbizi, wapiga kura na wapiga chapa, wala hapana hata mmoja aliyeumia. Je, amejifunza neno moja au saba? Maneno mafupi ya Kiingereza kama get na take yana tabia hiyohiyo. Orodha iyahesabuyo kuwa neno mojamoja yamdanganya mwalimu. Jambo hili lilifikiriwa katika mikutano ya wataalamu iliyofanyika New York mwaka 1934 na London mwaka 1935, ambayo ilitoa taarifa mwaka 1936. Kazi hiyo ilipokamilishwa na West mwaka 1953 katika orodha ya maneno yapata 2,000, kila neno liliwekewa maana zake mbalimbali, pamoja na hesabu ya jinsi kila maana itumikavyo. Mwalimu aliweza kujua si neno lipi tu, bali ni maana ipi ya neno lile itangulie.

Haifai mtu adhani ya kuwa wote waliafikiana na West. Harold Palmer, aliyezaliwa London mwaka 1877, alishika njia nyingine. Alikuwa amefundisha lugha huko Ubelgiji, kisha katika chuo kikuu cha London; na mwaka 1922 akaitwa Japani awe mshauri wa Wizara ya Elimu, ambako mwaka 1923 iliundwa taasisi ya kuchunguza mafundisho ya Kiingereza, naye akaiongoza mpaka aliporudi kwao mwaka 1936. Palmer alifundisha ya kuwa sikio na ulimi hutangulia jicho. Mtoto mchanga husikiliza miezi mingi kabla ya kusema, na husema miaka kadhaa kabla ya kusoma. Basi na mwanafunzi asikilize kwanza, atii amri ndogondogo, ajibu maswali mafupi, mpaka mifano ya sentensi imeingia katika mazoea yake pasipo kufikiri sarufi. Mwenzake mdogo katika kazi hiyo, A. S. Hornby, akisaidiana na wengine wawili, alitunga kamusi iliyopigwa chapa Tokyo mwaka 1942, ikionyesha si maana ya neno tu bali na namna ya kulijengea sentensi. Kamusi za Oxford zitumiwazo na wanafunzi wageni hata leo ni wazao wa kitabu hicho.

Je, tumfuate yupi? Kwa kweli ugomvi wao ni mdogo kuliko uonekanavyo, kwa kuwa wote wawili walihudhuria mikutano ile ya 1934 na 1935, na wote walikubali ya kuwa maneno yachaguliwe na yapangwe kwa kiasi. Tofauti yao yatoka katika swali la mwanafunzi aendako. Palmer aliitazama lugha kuwa mazoea yapasayo kujengwa kwa taratibu tangu msingi. West alimtazama zaidi yule atakayeshukia njiani. Mwalimu mwenye kusema Kiingereza vizuri na darasa dogo aweza kufuata njia ya sikio na kufanikiwa. Mwalimu mwenye watoto themanini, ambaye ulimi wake mwenyewe si mwepesi, akifuata njia hiyo peke yake atawafundisha kuitikia kwa sauti moja kama kwaya, wala hatajua ni nani aliyeelewa.

Wachunguzi waliokuja baadaye wametupa vipimo vinavyosaidia kuamua. Kimoja ni cha Fiji, katika visiwa vya Pasifiki. Wachunguzi wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walichukua shule nane za mashamba zilizokuwa na vitabu vichache mno, wakavipa vyumba vya madarasa ya nne na ya tano vitabu 250 kila chumba, vya hadithi za kupendeza zenye picha. Baadhi ya madarasa yalisoma kimya kila siku. Katika mengine mwalimu alisoma hadithi pamoja na watoto na kuizungumza nao. Shule nyingine nne ziliendelea na mafundisho ya kawaida. Taarifa yao ya mwaka 1983 yaonyesha ya kuwa baada ya miezi minane watoto wa vitabu walikuwa wameendelea, katika kusoma na pia katika kuelewa wasikiapo, kwa mwendo mara mbili ya ule wa kawaida. Baada ya miezi ishirini faida ilikuwa imeenea hata katika kuandika. Hapa kuni za West zilizaa na moto wa Palmer. Jicho lililisha sikio.

Kipimo cha pili chatuonya tusiitegemee orodha peke yake. Maneno 2,000 ya West huchukua karibu maneno 80 katika kila maneno 100 ya maandiko ya kawaida. Mtu aweza kusema: themanini kwa mia ni alama nzuri. Lakini mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walitoa habari za jaribio walilolifanya kwa watu wazima waliojifunza Kiingereza. Walipewa hadithi ambayo katika kila maneno 100 walijua 80 tu, na hapana hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Ili walio wengi wasome na kuelewa pasipo msaada, ilihitajika wajue karibu maneno 98 katika 100. Yaani neno geni moja katika kila hamsini. Kwa hiyo mwenye kuijua orodha yote bado hawezi kusoma gazeti kwa raha. Ahitaji vitabu vyepesi vilivyoandikwa kwa kipimo chake, vimchukue hatua kwa hatua.

Mambo haya yatuhusu sana. Katika Tanzania, tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo. Mtoto aingiapo sekondari hukuta hesabu na elimu ya viumbe vimo katika Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa taarifa ya uchunguzi wao katika shule hizo, nao waliona ya kuwa wanafunzi walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Baada ya hapo ulianzishwa mpango uliopeleka vitabu vyepesi vya kusoma katika shule za sekondari. Wako wataalamu waonao ya kuwa dawa ya kweli ni kufundisha kwa Kiswahili mpaka juu, na hoja zao zina nguvu; lakini hata wao hawasemi Kiingereza kiachwe. Njia yo yote itakayochaguliwa, bado iko haja ya kukifundisha vema, na bado yuko mtoto atakayetoka kabla ya wakati.

Basi mwalimu aweza kufanya nini kesho asubuhi, hata kama hana vitabu 250? Kwanza, avipime vitabu alivyo navyo. Achukue kipande cha maneno 100, na mwanafunzi wa kadiri apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Yakiwa mawili, kitabu hicho ni cha kupewa mtoto akisome mwenyewe. Yakiwa matano au sita, kisomwe pamoja na mwalimu. Yakiwa ishirini, hicho si kitabu cha kusoma bali ni msitu. Pili, asiyape maneno yote haki sawa. Neno la kila siku lifundishwe, lirudiwe, litungiwe sentensi. Neno la nadra lielezwe kwa Kiswahili kwa pumzi moja, na safari iendelee. Tatu, atenge muda wa kusoma kimya, hata kama ni robo saa, wala asiuhesabu kuwa muda uliopotea. Nne, awasomee hadithi kwa sauti, maana hapo jicho na sikio hufanya kazi pamoja.

Na kila mwisho wa muhula ajiulize neno moja: yule ambaye hatarudi muhula ujao, leo aweza kusoma nini peke yake? Akiweza kutaja kitabu, hata kama ni chembamba, amemlipa mtoto yule haki yake.