Hesabu ya Waliojificha

Katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba, na Mkoa wa Singida ukaonekana una watu 2,008,058. Kazi hiyo twaisifu. Lakini kama karani yule angaliuliza, “Je, humu yumo mtumwa wa heroini?” mama wa nyumba angalimjibu nini? Angalisema hayumo, ilhali kijana amelala chumbani.

Wapo wasemao kwamba heroini, mzao wa afyuni, ni msiba wa Dar es Salaam na Unguja, haufiki Manyoni wala Iramba. Sisi twawauliza: mmehesabu lini? Kutoonekana si kutokuwapo. Wala idadi ya waliokamatwa haitoshi kuwa kipimo, maana huonyesha bidii ya polisi kuliko wingi wa wagonjwa.

Wataalamu wanayo njia, na mvuvi wa Ziwa Kitangiri ataifahamu upesi. Avue samaki 100, awatie alama, awarudishe majini. Siku nyingine avue 100 tena. Wakiwamo 10 wenye alama, basi ziwani mna samaki wapatao 1,000. Kwa wanadamu, nyavu ni madaftari mawili, kama la hospitali na la polisi, yakilinganishwa kwa alama za siri pasipo majina. Waliomo katika yote mawili ndio samaki wenye alama. Hata hivyo, hilo ni kadirio, nalo hupotoka. Wanaojulikana na polisi wakiikimbia hospitali kwa hofu, wa pamoja huwa wachache, na hesabu huvimba kupita kweli.

Faida yake nini? Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa wagonjwa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Dawa ya namna hiyo yataka kituo kilicho karibu. Na Serikali haiwezi kujua ijenge wapi, wala iagize dawa kiasi gani, kwa kubahatisha.

Kwa hiyo twasema wazi: siri ya mgonjwa haina budi kulindwa. Siku daftari la hospitali litakapogeuka hati ya kukamatia watu, hatarudi mgonjwa hata mmoja, na hesabu itakufa pamoja na tiba. Nanyi, ndugu wafanyakazi, msimfiche mwenzenu kwa aibu. Mficha maradhi, kilio humwumbua.