Ndege ya Mabua: Mchezo Wenye Faida, Hatari za Kuepuka

Mahindi yakishavunwa, watoto wa Kasulu na Kibondo huokota mabua wakaunda magari, baiskeli na ndege. Wazazi wengine huwakemea kwamba wanapoteza muda. Sisi wauguzi tunasema: waacheni waunde, ila wasimamieni. Mtoto anayepima, kukata na kuunganisha anazoeza vidole, macho na akili. Anajifunza pia uvumilivu, maana bawa likianguka hana budi kuanza upya.

NDEGE ZA MWAKA 1916

Ndege nzuri ya kuiga ni ile ya kizamani, yenye bawa la chini na bawa la juu. Ndege za namna hiyo ziliwahi kuruka mkoani kwetu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta Ziwa Tanganyika ndege nne aina ya Short, zilizoundwa Uingereza kwa mbao na kitambaa. Zilitua majini kwa maboya. Mwezi Juni zilidondosha mabomu Kigoma zikiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

KUIUNDA

Bua nene moja ni mwili. Vipande viwili virefu vya mabua ni mabawa, vikitenganishwa na vijiti vinne. Vipande viwili vifupi chini ni maboya. Jani kavu lililochomwa mwiba mbele ni pangaboi. Mtoto akikimbia, linazunguka. Wenye vitofali vya plastiki vya kuunganisha wafuate mpango huo huo: mwili, bawa la chini, nguzo, kisha bawa la juu.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Ganda la bua hukata kama wembe. Mtu mzima alimenye. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Msipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya taa. Kama kimechomwa na msumari au bati, mpelekeni zahanati na kadi yake ya kliniki, kwa sababu ya pepopunda.

2. Kijiti kikichoma jicho na kubaki, msikichomoe. Funikeni jicho kwa kikombe bila kuligandamiza, mwende hospitali.

3. Betri ndogo za mviringo, kama kifungo cha shati, zisiwe mchezoni. Ikimezwa na kukwama kooni, huunguza kwa saa mbili tu. Kimbieni hospitali.

4. Vitofali, shanga na punje za mahindi zikae mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu. Kaka anapounda ndege mkekani, mdogo wake hutia mdomoni kila anachookota.

MTOTO AKIPALIWA

Akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipoweza kulia, kusema wala kupumua, msisubiri. Msimpe maji wala tonge la ugali, na msiingize kidole kutafuta kitu msichokiona.

Aliyezidi mwaka mmoja: mwinamisheni, mpigeni kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, simameni nyuma yake, wekeni ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, msukume ndani na juu mara tano.

Wa chini ya mwaka mmoja: mlazeni kifudifudi juu ya mkono wenu, kichwa chini, mpigeni mgongoni mara tano. Mgeuzeni, mbonyezeni katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Kamwe msimsukume tumbo.

Rudieni zamu hizo hadi kitu kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Akizimia, mpelekeni hospitali upesi, na anayejua kumpulizia pumzi na kubonyeza kifua aanze mara moja.

Wazazi wenzetu, someni sehemu hii ya mwisho pamoja na wasichana na wavulana wenu wakubwa, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki na wadogo nyumbani. Baada ya hapo, wapeni mabua.