Kolelo: Mzimu wa Mvua Uliowaunganisha Wazaramo na Uluguru

Kinyerezi, eneo la pembezoni mwa Dar es Salaam linalojulikana leo kwa mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia, limo katika nchi ya asili ya Wazaramo, ambao zamani, mvua ilipokawia, walituma wajumbe hadi Milima ya Uluguru kulitambikia pango la Kolelo, upande wa Matombo. Kolelo ni mzimu, yaani nguvu isiyoonekana inayokaa mahali maalumu na kupokea sadaka, na katika masimulizi hutajwa kuwa joka kubwa. Mlango wa pango ulishikwa na ukoo wa Mlali, na mngurumo uliotoka humo ulihesabiwa kuwa kauli ya Kolelo, ambayo wahudumu waliwafasiria wageni.

Imani ya namna hiyo si ya Afrika Mashariki peke yake. Katika Shinto, dini ya jadi ya Japani inayotukuza miungu iitwayo kami, hekalu la Kamigamo mjini Kyoto limewekwa wakfu kwa Kamo Wakeikazuchi, mungu wa radi, na tangu 1994 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mkulima wa mpunga wa Kyoto, kama kwa mkulima wa Uzaramo, ngurumo ilitisha, lakini pia ilileta habari ya mvua na chakula.

Kauli ya Kolelo haikuishia mashambani. Mmisionari Mjerumani Martin Klamroth aliandika kwamba mwaka 1905 ilienea habari kwa Wazaramo kuwa Kolelo amekataza kuwalipa kodi wageni weupe; mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vilizuka, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti.

Wajumbe waliotumwa Uluguru kuomba mvua hawakukosea mwelekeo, kwa kuwa Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dar es Salaam, hupata sehemu kubwa ya maji yake Uluguru. Kwa hiyo mkazi wa jiji, awe anaamini mizimu au haamini, bado anaitegemea milima hiyo, na kulinda misitu yake ni wajibu wake sawa na wa Mluguru anayeishi chini ya kivuli chake.