Matembezi ya msituni Gede: nufaisha moyo, linda miguu

Mji wa kale wa Gede, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Leo msikiti mkuu, kasri na nyumba zake za matumbawe zimo ndani ya msitu, chini ya mibuyu. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Kwa mwenye presha au kisukari, hapa ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kasi inayofaa ni ile inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako, lakini si kuimba. Matembezi haya hayachukui nafasi ya vidonge. Usiache dawa bila kumuuliza daktari.

Watafiti hutaja kushuka kwa maji ya visima kuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wenyeji wahame. Nawe usiingie bila maji. Joto la Pwani hukausha mwili hata kivulini. Ukihisi kizunguzungu au kifua kikibana, keti na uombe msaada mara moja.

Njia ina mizizi na mawe. Vaa viatu vinavyofunika mguu wote. Mwenye kisukari anaweza kujikata asihisi, hivyo akirudi nyumbani akague nyayo na katikati ya vidole. Wanaotumia insulini wabebe kitu kitamu, sukari isije ikashuka njiani.

Jambo la mwisho ni nyoka. Kifutu hujilaza kimya kwenye majani makavu na huuma anapokanyagwa. Baki kwenye njia, na usitie mkono kwenye mashimo ya kuta. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisha mkimbize hospitalini. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye sumu. Kamba iliyokazwa huzuia damu, na mtu anaweza kupoteza mguu ambao ungepona. Kumpitisha kwanza kwa mganga ni kupoteza muda anaouhitaji kupata dawa ya kuzuia sumu.

Basi wikendi hii tembea, lakini usiende peke yako.