WALIOTOKA BWENINI TABORA, NA DENI WALILOLICHUKUA

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu ni kweli katika nyumba nyingi; lakini iko nyumba moja katika nchi yetu ambayo mlezi wake alikusudia jambo hili, na watoto wakakua kwa jambo lile. Nyumba hiyo ni Shule ya Serikali ya Wavulana ya Tabora.

Waingereza waliifungua shule hiyo katika miaka ya 1920, baada ya kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Nia yao haikuwa siri. Walitaka kupata vijana, hasa wana wa watemi na machifu, watakaojua kusoma, kuandika hesabu za kodi na kuzipeleka amri za Bwana DC mpaka vijijini. Kwa ajili hiyo waliijenga kwa mfano wa shule za mabwana wa kwao Uingereza: mabweni, viranja, michezo, kengele ya kuamka na kengele ya kulala. Yalitazamiwa matunda ya utii. Hebu basi tuangalie matunda yaliyopatikana.

Msomaji akaaye Kinondoni au Temeke asidhani kuwa habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Reli ya Kati inaunganisha Tabora na Dar es Salaam tangu mwaka 1912, na wengi waliotoka katika mabweni yale walishuka kwa treni hiyo hiyo. Kazi waliyoifanya baada ya shule waliifanyia papa hapa, katika viunga vya mji huu: Pugu, Magomeni, Lugalo, Kigamboni na Msasani.

MWALIMU WA PUGU

Mwaka 1937 aliingia Tabora mwana mmoja wa Mtemi Burito wa Wazanaki, jina lake Kambarage. Alimaliza mwaka 1942, akaenda Makerere, akarudi kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria pale pale Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alipata kazi ya kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Hiyo nayo ilikuwa shule ya bweni, juu ya vilima vilivyo nje ya Dar es Salaam. Miongoni mwa waliopita katika chuo hicho baadaye kidogo ni Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa tatu wa Tanzania.

Mshahara wa Pugu ulikuwa mshahara wa heshima kwa Mwafrika wa siku zile. Lakini mwaka 1953 Mwalimu alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuka kuwa TANU. Mapema mwaka 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea, alitakiwa kuchagua: ama ualimu, ama siasa. Aliacha kazi. Alikuwa na mke na watoto, na mkewe, Mama Maria, alifungua duka dogo ili nyumba ipate chakula. Baadaye waliishi Magomeni, na nyumba hiyo imehifadhiwa kuwa makumbusho mpaka leo. Apitaye Magomeni na aitazame: ni nyumba ya mtu wa kawaida, wala haina dalili kwamba mwenyewe alikuwa na shahada ya Edinburgh.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wasomi hupenda kulisahau. Watoto wa Tabora hawakuwa peke yao. Waliowapokea mjini, wakawapa viti vya kukalia na watu wa kuwasikiliza, wengi wao hawakupata kulala bwenini hata usiku mmoja. Bibi Titi Mohamed alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Lakini ni yeye aliyepita katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam na kuandikisha maelfu ya wanachama, wakati ambapo wanaume wengi wenye vyeti walikuwa wakiogopa kupoteza kazi za serikali. Kalamu ilitoka Tabora, lakini wino ulitoka mitaani.

KARANI ALIYEKUWA WAZIRI MKUU

Mwingine aliyesoma Tabora ni Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea. Yeye hakwenda Makerere. Aliingia kazini serikalini. Wazee watamkumbuka pia kwa sura yake, kwani mwaka 1952 alicheza katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Wakati Waingereza walipowafunga Wakikuyu wengi katika kambi ya Urambo, Kawawa alipelekwa huko kushughulikia ustawi wa wafungwa hao.

Karani huyu aliwaongoza watumishi Waafrika wa serikali katika chama chao, na mwaka 1955, lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, akawa katibu wake mkuu. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa majumbani, watu wa reli na wa mashamba ya mkonge walipata sauti moja. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Mwalimu alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, kazi hiyo alikabidhiwa Kawawa. Alitumikia vyeo vingi vikubwa tangu hapo, na alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 alizikwa Madale, katika Wilaya ya Kinondoni.

SIKU ILE YA LUGALO

Oscar Kambona naye alipita Tabora, kisha akafundisha Dodoma. Mwaka 1955 aliacha ualimu akawa katibu mwenezi wa TANU, akizunguka nchi nzima kufungua matawi. Baada ya Uhuru alikuwa waziri wa wizara kadhaa, na mwanzo wa mwaka 1964 alikuwa na Mambo ya Nje pamoja na Ulinzi.

Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, katika njia ya Bagamoyo, waliasi. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini na silaha, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Rais Nyerere na Kawawa walivushwa hadi Kigamboni wakahifadhiwa huko, kusudi nchi isije ikabaki bila kichwa. Aliyetoka mbele ya askari kuzungumza nao ni Kambona, na ulimi wake ulizuia mengi. Siku chache baadaye uasi ulizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, na jeshi lile likavunjwa, likaundwa jingine.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Katika saa ngumu kuliko zote za dola hii changa, watu watatu waliokuwa na mzigo wake mabegani wote walikuwa wametoka katika shule moja. Hiyo ni sifa ya shule; lakini pia ni dalili ya umaskini wa elimu tulioachiwa. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu katika shule za sekondari, na kati ya hao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Mlango ulikuwa mwembamba, na ndiyo sababu waliopita walijuana wote.

Kujuana, hata hivyo, si kupatana milele. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Kambona alijiuzulu, akaondoka nchini na kukaa Uingereza miaka ishirini na mitano. Alirudi mwaka 1992, siasa ya vyama vingi iliporuhusiwa, na alifariki London mwaka 1997. Naye Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, mwanafunzi mwingine wa Tabora na mtemi halisi kama Waingereza walivyotaka, alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Uhuru. Mamlaka ya machifu yalifutwa na serikali iliyojaa wenzake wa shule. Alitoka serikalini mwaka 1963, na mwaka 1991 ni yeye aliyeongoza kamati iliyodai vyama vingi. Bweni moja, kengele moja, na njia zikaachana. Shule yaweza kumpa mtu uwezo wa kufikiri. Haiwezi kumchagulia la kufikiri. Waingereza walilijua hilo baada ya kuchelewa.

DENI

Lakini yako yanayopita tofauti za siasa, nayo ndiyo tuliyokusudia kuyasema. Mwaka 1964, akieleza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenziwe chakula. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Maneno hayo aliyasema mtu aliyekula chakula hicho mwenyewe.

Haikupita miaka mitatu fumbo hilo likapata mtihani wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliteremka kutoka Mlimani, wamevaa majoho, wakaandamana mpaka Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa mishahara. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Samuel Sitta, kijana wa Urambo aliyesoma Tabora. Mwanafunzi wa zamani alimfukuza mwanafunzi wa juzi! Wengi walisamehewa baadaye wakarudi masomoni, na Sitta aliishi hata akawa Spika wa Bunge, tangu mwaka 2005 hadi 2010. Adhabu ile ilikuwa kali, na wako wanaosema ilikuwa kali mno. Lakini swali lililoulizwa siku ile halijafutika: aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima, awafanyie nini wakulima?

Siku hizi mlango si mwembamba tena. Watoto wa Mbagala, Tandale, Yombo na Bunju wanazo sekondari karibu na nyumba zao, na wengi hawalazimiki kupanda treni wala kulala bwenini. Hiyo ni neema, wala hatutamani siku za watu 176. Hata hivyo tumezoea kuipima shule kwa daraja la kwanza na la pili katika matokeo ya mtihani, na magazeti yalikuwa yakipanga majina kama bei za sokoni. Kipimo hicho ni kifupi. Wazazi na waalimu wa Temeke na Kinondoni yawapasa kuuliza jambo jingine, tena waliulize miaka kumi baada ya kengele ya mwisho: Waliotoka hapa wako wapi, na nani amenufaika kwa kuwa walisoma?

Si lazima jibu liwe waziri. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa asiye na ndugu bila kudai chochote, fundi aliyesoma akawafundisha vijana watatu wa mtaa wake, mwalimu aliyekubali kwenda kusikokuwa na umeme: hao nao wamelipa. Na mwenye cheo kikubwa aliyekula akashiba asirudi kijijini, huyo bado anadaiwa, hata kama jina lake limeandikwa kwa dhahabu ukutani mwa shule aliyosoma.

Dawa ya deni ni kulipa. Walioitoa pesa ya kuwasomesha wana wa Tabora walikuwa wakulima ambao hawakuyaona madarasa yale kwa macho. Leo wanaosomesha ni mama ntilie, wavuvi na wachukuzi wa mizigo wa mji huu huu. Hawadai riba. Wanadai tu kwamba aliyepelekwa mbali akumbuke njia ya kurudi.