Ng'ombe Asiyekwenda Malishoni
Ushairi wa mambo ya kila siku: sehemu ya tatu

Desemba iliyopita mjukuu wangu, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisimama mbele ya banda kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwetu Marangu, akaniuliza, "Babu, huyu ng'ombe anaumwa?" Nikamjibu haumwi. "Sasa mbona hatoki?" Nikamweleza kwamba huku mlimani vihamba vimebanana, ni migomba na kahawa mpaka mpakani kwa jirani, pa kuchungia hapana. Majani hukatwa kule chini tambarare, yakafungwa mzigo, yakapandishwa mlima kichwani au juu ya gari. Mtoto akafikiri kidogo. "Kumbe ana wafanyakazi!"

Nimekunywa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo miaka 70, na hilo sikuwahi kuliona.

Wiki zilizopita tulipitia ugomvi wa vina na mizani: Kaluta Amri Abedi alivyopanga kanuni katika Sheria za Kutunga Mashairi, 1954, na Euphrase Kezilahabi alivyoziacha kando katika Kichomi, 1974. Leo tuulize: shairi lisilo na vina humshika msomaji kwa kitu gani? Kina ni ahadi. Sikio linangoja sauti irudi, na ikirudi linaridhika. Ukiiondoa ahadi hiyo, huna budi kuleta nyingine. Washairi kadhaa wa Marekani wa zama zetu wameleta jicho: wanakishika kitu ambacho kila mtu anacho nyumbani, wanakitazama mpaka kinakuwa kigeni.

Charles Simic ni mfano mzuri. Alizaliwa Belgrade mwaka 1938, utotoni akaonja mabomu ya vita, akaingia Marekani mwaka 1954. Kwa lugha ya ugenini akaandika juu ya uma, juu ya viatu, juu ya jiwe. Mwaka 1990 kitabu chake cha mashairi ya nathari kilishinda Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 2007 akateuliwa kuwa mshairi wa taifa. Naamini ugeni ulimfaa. Mgeni hulisikia neno kabla mazoea hayajalichosha.

Nasi tunao ugeni huo. Wengi wa rika langu Kiswahili tulikikuta shuleni, nyumbani kukiwa na Kichagga. Chukua neno mangi. Kwa babu zetu lilikuwa cheo cha mtawala, na mbele yake watu walinyamaza. Utawala huo ulifutwa mwanzoni mwa uhuru, lakini cheo hakikufa; kilihamia dukani. Leo mtoto wa Dar es Salaam anagonga kaunta kwa sarafu: "Mangi, nipimie sukari robo!" Na Mangi anapima. Hapo historia nzima imepita juu ya mizani, wala hakuna aliyegeuka kuitazama.

Sasa, anayetaka kuliandika hilo asianze kwa kupiga kelele, "Tazameni ajabu!" Msimuliaji akicheka kabla ya wasikilizaji, kicheko kinamwishia yeye. Aseme tu kilichotokea, kwa utaratibu, kama anayetoa ushahidi barazani: sarafu, kaunta, sukari, jina. Uso wake uwe mkavu. Ajabu imo tayari katika jambo lenyewe, kazi yake ni kutolifunika kwa mapambo.

Ila kuchekesha peke yake hakutoshi. Mzaha mzuri humfikisha msomaji mahali ambapo asingekubali kupelekwa kwa hotuba. Ukimcheka ng'ombe mwenye wafanyakazi, muda si mrefu utajikuta umeitazama shingo ya yule aliyebeba mzigo.

Mjukuu wangu alifika huko kabla yangu. Bibi yake alikuwa ndiyo kwanza anatua majani, kanga imelowa jasho mgongoni. Mtoto akamtazama, akamtazama ng'ombe, akanigeukia: "Na huwa anawalipa?"

Bibi yake ndiye aliyecheka. Mimi nilikwenda kutafuta panga, nikateremka tambarare.

Itaendelea wiki ijayo.